Draiva Tano, Lahaja Tano

Kosa lililonifungua macho lilikuwa la saa tatu kamili. Nilikuwa Dar es Salaam, natengeneza programu ya kurekodi joto la majokofu ya samaki. Vipimo viliandikwa na skripti ya Python na kusomwa na ukurasa uliojengwa kwa Java. Kipimo kilichochukuliwa saa tisa alasiri kilionekana cha saa sita mchana. Haikuwa dakika mbili wala nusu saa, ni saa tatu, hazipungui hazizidi, kila siku.

Hifadhidata niliyoitumia ilikuwa ya mradi huria ambao mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa watunzaji wake. Jina lake silitaji. Seva ilikuwa moja, lakini draiva zake zilikuwa tano: ya Python, ya Java, ya Node.js, ya Go na ya Ruby. (Wapo wanaosema "kiendeshi". Sisi tulizoea draiva, na dereva tukawaachia wenye daladala.) Kwa asiyezifahamu, draiva ni ile maktaba unayoiweka ndani ya programu yako ili izungumze na seva kwa niaba yako. Inachukua maneno yako, inayafunga kuwa baiti kwa mujibu wa itifaki (kanuni za mazungumzo na seva), inayatuma, inapokea jibu na kulifungua liwe kitu ambacho lugha yako inakielewa. Ikifanya kazi vizuri unasahau kwamba ipo.

Hizo tano ziliandikwa na watu watano, miaka tofauti, nchi tofauti, kila mmoja akitatua shida yake. Ya Python ilikuwa yangu. Kwa hiyo, kama binadamu yeyote, nilijua kosa liko kwenye Java. Nikaandika taarifa ndefu yenye jedwali, nikaiweka kwenye orodha ya hitilafu, nikasubiri kuombwa radhi.

Mwenzetu wa Ulaya alijibu kwamba kwake hakuna shida. Kompyuta za majaribio nazo zilionyesha kijani tupu, yaani hakuna jaribio lililoanguka. Aliyekuja na jibu la maana alikuwa dada mmoja wa Mombasa, mtunza draiva ya Java, ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tumesalimiana tu. "Kakangu," aliandika, "kwangu pia ni saa tatu. Lakini kabla hujanipeleka kortini, hebu andika kwa Python usome kwa Go."

Nikaandika kwa Python, nikasoma kwa Go. Saa tatu. Nikaandika kwa Java, nikasoma kwa Go. Sawasawa.

Kosa lilikuwa langu, na ni la kizamani. Python ina njia ya kuuliza saa ya dunia (UTC), utcnow, inayokurudishia tarehe na saa isiyobeba alama yoyote ya ukanda wa saa. Ukiichukua saa hiyo ukaigeuza kuwa sekunde kwa njia ya timestamp, Python hudhani ni saa ya mahali ulipo, basi hutoa tofauti ya mahali hapo. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia, kwa hiyo draiva yangu ilizitoa saa tatu ambazo hazikuwepo. Kwenye kompyuta iliyowekwa saa ya dunia, kutoa sifuri hakuonekani. Mashine zetu zote za majaribio zilikuwa zimewekwa hivyo. Mwenzetu mmoja alikuwa London, na alijaribu majira ya baridi, wakati saa yao ni ile ile ya dunia. Katika mradi mzima, wenye bahati ya kuliona kosa walikuwa wawili, mimi na yule dada, kwa sababu ya mahali tulipoishi. Hiyo utcnow yenyewe ilitangazwa kuwa ya kuachwa katika Python 3.12, mwaka 2023. Sisi ilishatuumiza.

Nilimpigia simu kumtaka radhi. Maongezi yale yakaenda saa mbili, na ndani yake ndimo lilimozaliwa wazo la kuziunganisha draiva zote tano. Tulianza kuhesabu tofauti tulizozijua. Kwa mfano, ukifungua muunganisho ukaandika rekodi bila kusema commit, yaani kamilisha, Java huihifadhi. Python huitupa pale programu inapofunga. Wala hakuna aliyekosea. Mimi nilifuata PEP 249, mwongozo wa mwaka 1999 unaotaka kila draiva ya hifadhidata ya Python ianze muamala yenyewe (fungu la amri zinazohifadhiwa au kutupwa kwa pamoja) na kumngoja mtumiaji akamilishe. Yeye alifuata JDBC, kanuni za Java za kuongea na hifadhidata, za mwaka 1997, zinazohifadhi kila amri papo hapo mpaka uzizuie. Jambo hili hili huwapata watu wa PostgreSQL, hifadhidata nyingine huria, kila siku: mtu wa Java anaandika skripti ya Python, anasoma jedwali tu, anaiacha programu wazi, na msimamizi wa seva anakuta muunganisho umekaa "idle in transaction", muamala umeachwa wazi, tangu asubuhi.

"Ni kama Kiswahili cha kwetu," yule dada alisema. "Nyanyangu wa Kimvita akikwambia 'wamenteka', amechekwa na watu. Mtu wa Dar akisikia, ataita polisi." Kuteka kwao ni kucheka. Nilicheka, au niliteka, nikaandika mfano huo kwenye daftari. Ndio ulioniongoza baadaye kuliko makala yoyote ya kitaalamu niliyosoma, kwa sababu ulinionyesha tofauti ipi ni ya hatari. Jina tofauti kwa kitendo kimoja halimdhuru mtu. Utauliza na utaambiwa. Kinachomaliza watu ni jina moja lenye vitendo viwili, maana hapo hakuna anayeuliza.

Sasa, njia ya kwanza tuliyoichukua haikuwa hiyo ya busara. Tulichagua ile inayomjia kila fundi akiona kazi moja inafanywa mara tano: andika mara moja, kwa lugha ya chini, kisha zile tano ziwe maganda membamba juu yake. Mifano mizuri ipo. Psycopg ya Python imesimama juu ya libpq, maktaba ya C ya PostgreSQL yenyewe. Valkey GLIDE, draiva ya hifadhidata ya Valkey, ina kiini kimoja cha Rust na lugha kadhaa juu yake. Sisi tulichagua C, kwa sababu aliyejitolea aliijua C.

Kiini kiliandikwa, na kilikuwa kizuri kweli. Kilichotushinda ni kukifikisha kwa watu. Draiva yangu ya zamani ilikuwa faili za Python tupu, inasakinishwa sekunde mbili popote. Ya sasa ilihitaji kifurushi kilichokwisha kukusanywa, yaani kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, kwa kila mfumo: Linux ya kawaida, Linux ya Alpine ambayo maktaba yake ya C ni nyingine, Mac ya Intel, Mac za chipu za arm zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2020, Windows. Zidisha kwa matoleo ya Python yanayotumika. Mtu akikosa kifurushi chake, kompyuta yake inaanza kutafuta kompaila ya C, haina, inatema kurasa tatu za makosa, naye anakuja kutuambia draiva yetu ni mbovu. Nilitumia miezi nikiwa mfungasha mizigo. Sikuandika mstari mmoja wa kazi mpya.

Kwa Java ilikuwa mbaya kwa namna nyingine. Programu ya Java ikikosea, inakupa maelezo ya kosa na inaendelea. Kosa likitokea ndani ya C, mashine nzima ya Java, ile inayoiendesha programu, inaanguka, inakuachia faili moja ambalo jina lake linaanza na hs_err_pid, na wahasibu wa watu wanapiga simu. Dada wa Mombasa alipokea malalamiko mawili ya namna hiyo ndani ya wiki moja, akaniambia kwa upole ambao bado naukumbuka: "Kakangu, mimi kiini chenu sikitaki tena."

Wa Go hakukitaka tangu siku ya kwanza. Watu wa Go hupenda kukusanya programu kwenye kompyuta yao na kuituma kwenye seva ya aina nyingine bila kusumbuka. Ukiingiza C, raha hiyo imekwisha. Tena zile kazi nyepesi za Go, ambazo programu huziwasha kwa maelfu, kila moja ikiingia ndani ya C inakalia uzi mzima wa mfumo (thread) mpaka itoke. Alituandikia hoja hizo kwa sentensi nne na hakurudi kubishana. Alikuwa sahihi, na sisi tulimwona mkaidi.

Hatukukitupa kiini chote. Ruby inakitumia mpaka leo, na baadaye PHP ilikipanda. Lakini kama ningeanza upya ningewauliza kwanza watu wa kila lugha namna wanavyosakinisha vitu, kabla ya kuuliza chochote kuhusu msimbo. Java na Go zina desturi ya draiva zilizoandikwa kwa lugha yenyewe tupu, na desturi hiyo ina sababu.

Tulirudi nyuma. Safari hii tuliangalia waliokwisha kuipita njia, na waliotufaa zaidi ni watu wa MongoDB, hifadhidata nyingine. Wao wana draiva za lugha nyingi kuliko sisi, na nyingi zimeandikwa kwa lugha yake yenyewe. Kinachoziunganisha ni maandishi. Wameweka hadharani mkusanyiko wa maelezo rasmi: namna draiva inavyozigundua seva, inavyochagua ya kuongea nayo, inavyojaribu tena baada ya hitilafu. Kila maelezo yanaambatana na mafaili ya majaribio, yaliyoandikwa kwa YAML na JSON (mitindo ya kupanga data kwa maandishi), ambayo si ya lugha yoyote. Kila draiva inaandika kisomaji chake, inayasoma mafaili yale yale, inafanya yanayosemwa, inalinganisha matokeo. Hawabishani nani kaelewa maandishi. Faili linapita au linaanguka.

Tuliiga hilo waziwazi. Jaribio letu la kwanza lilikuwa na mistari kumi na miwili: andika saa hii, ukiwa ukanda huu, isome, itoke hii. Draiva yangu ilianguka, kama ilivyostahili.

Hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipoanza, na ndio sehemu ninayotaka kuikalia.

Ukiandika kwamba draiva zote "lazima" zifanye jambo fulani, umeshaamua tabia ya nani itakuwa sheria. Sisi hatukuliona hilo. Aliyeandika rasimu alikuwa na muda mwingi kuliko wengine na alitumia Java kazini, basi kila alipokuta njia panda alichukua ile iliyomjia kirahisi. Baada ya miezi miwili rasimu ilikuwa na kurasa nyingi, na kila ukurasa ulinukia Java. Majina, namna ya kufunga, namna ya kutoa makosa. Watu wakaanza kunyamaza kwenye mikutano, na mikutano ya kujitolea ikinyamaza ujue iko mbioni kufa.

Dada wa Mombasa, ambaye ndiye angefaidika, ndiye aliyelitaja. Alitukumbusha ule mkutano wa 1928, uliofanyika mjini kwao, ulioamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. "Kiunguja kilichaguliwa Mombasa," alisema, "na mpaka leo kuna wazee huku hawajasamehe. Lakini angalau waliketi wakachagua. Sisi hapa tunachaguliwa na aliye na nafasi jioni." Nusu ya waliokuwa kwenye mkutano hawakuelewa habari ya Kiunguja, ikabidi nieleze kwa Kiingereza changu. Walielewa vizuri sana.

Tukaweka utaratibu. Kwenye kila jambo linalogombaniwa tunajibu swali moja kwanza: mtumiaji anayetumia draiva mbili kwa wakati mmoja, data yake itaharibika au itapotea kwa sababu ya tofauti hii? Ikiwa ndiyo, tunaandika lazima, na tunaeleza sababu. Ikiwa hapana, kila draiva iseme kwa lafudhi yake. Maneno lazima, inafaa na yaweza tuliyapa maana kali, kwa mfano wa RFC 2119, waraka wa mwaka 1997 unaotumiwa na itifaki za intaneti. Utaratibu huu ulifuta karibu nusu ya rasimu. Python ikabaki na find_one, Java na findOne, Go na FindOne, na Go ikaendelea kurudisha kosa kama thamani badala ya kulirusha. Nilishangaa ni ugomvi mwingi kiasi gani ulikuwa wa lafudhi tu.

Yaliyobaki ndiyo yaliyokuwa mazito, na mengine sikuyatarajia.

Namba kubwa, kwa mfano. Seva yetu ina namba kamili za biti 64. JavaScript, lugha ya Node.js, kwa kawaida huhifadhi kila namba kama desimali ya biti 64, na namba kamili inazoweza kuzishika bila wasiwasi zinaishia 9007199254740991. Ukiipa 9007199254740993 inakuonyesha 9007199254740992, bila onyo. Mtumiaji wetu mmoja alikuwa na namba za miamala zenye tarakimu kumi na nane. Akaandika kwa Java, akasoma kwa Node, akatafuta muamala kwa namba aliyoisoma, hakuupata. Draiva ya PostgreSQL ya Node hulikwepa hili kwa kurudisha namba za aina hiyo kama maandishi, na wapya huilalamikia mpaka siku wanapoelewa. BigInt, aina ya namba kamili isiyo na mpaka huo, iliingia rasmi kwenye JavaScript mwaka 2020, lakini ukijaribu kuigeuza kuwa JSON kwa njia ya kawaida programu inakataa. Mtunza Node alipendekeza njia ya kati: namba ndogo zitoke kama namba, kubwa zitoke kama BigInt. Inavutia, na ni mtego. Programu itapita majaribio yote ya mwaka wa kwanza, kisha siku namba zinapovuka mpaka, aina ya data inabadilika usiku wa manane. Tulikubaliana safu ya biti 64 itoke BigInt daima, hata ikiwa na namba 1, na anayetaka maandishi aombe.

Saa nazo zilirudi kwa mlango wa nyuma. Seva inashika mpaka sehemu ya milioni ya sekunde, sawa na PostgreSQL. Saa ya kawaida ya JavaScript, Date, inaishia kwenye sehemu ya elfu. Sasa kuna mtindo wa kuzuia watu wawili wasifutiane kazi: unasoma rekodi pamoja na saa iliyobadilishwa mara ya mwisho, unaihariri, kisha unasema ihifadhi ikiwa saa bado ni ile ile. Rekodi ikiwa imeandikwa na Python ikasomwa na Node, tarakimu tatu za mwisho zimeshakatwa, saa haiwezi kulingana tena, na uhifadhi unashindikana milele. Kwa mtumiaji inaonekana kama kuna mzimu anayeihariri rekodi kila anapoifungua. Tulilitafuta wiki nzima, na lilipopatikana marekebisho yalikuwa mistari sita.

Kujaribu tena baada ya mtandao kukatika ndiko kulikotugharimu heshima. Draiva ya Node ilikuwa na ukarimu: ikituma amri ya kuandika na muunganisho ukakatika kabla ya jibu, inatuma tena. Ya Go haikufanya hivyo. Mtu aliyehamisha programu yake kutoka Go kwenda Node akakuta malipo mengine yameandikwa mara mbili, kwa sababu amri ya kwanza ilikuwa imefika salama na kilichopotea ni jibu. Ukiwa kwenye nchi ambayo watu hulipa kwa simu huku mtandao ukija na kuondoka, hilo si jambo la nadharia. Nimeshasimama dukani nikibishana kama pesa imekwenda au haijakwenda.

Hapa hakuna draiva inayoweza kujiokoa peke yake. MongoDB walilitatua kuanzia toleo la 3.6, mwaka 2017, kwa kuipa amri ya kuandika kitambulisho cha kikao na namba ya mfuatano. Seva ikiletewa namba ile ile mara ya pili inajua ni marudio, inarudisha jibu la mwanzo bila kuandika tena. Ilitubidi tubadilishe itifaki yetu na seva yetu. Mpaka ziwe tayari, tuliandika kwamba draiva yoyote lazima isijirudie kuandika yenyewe, na ukarimu wa Node ukazimwa.

Na katika kuuzima tukafanya kosa ambalo wengine walishaonyesha namna ya kulikwepa. Tulibadilisha tabia ndani ya jina lile lile, kwenye toleo dogo, na maelezo ya mstari mmoja. Watu waliokuwa wakitegemea marudio yale bila kujua wakaanza kupata makosa asubuhi ya Jumatatu. Nilisoma baadaye jinsi watu wa MongoDB walivyofanya Novemba 2012. Draiva zao za awali zilikuwa haziingoji seva ithibitishe kwamba imeandika. Walipotaka kubadilisha hilo hawakuligusa jina la zamani. Walileta jina jipya, MongoClient, katika draiva zao zote kwa pamoja, lenye tabia ya kungoja uthibitisho. Anayetumia jina la zamani hakuguswa. Anayeandika jina jipya anajua ameingia nyumba nyingine. Sisi tulikuwa tumebadilisha vyumba usiku, wenyewe wakiwa wamelala.

Bado hapo nazungumzia msimbo, ambao unaweza kuurekebisha na kutoa toleo. Data iliyokwisha andikwa haina toleo. MongoDB wana mfano wa kusikitisha hapo pia, na wameueleza wazi kwenye nyaraka zao: vitambulisho vya UUID, baiti kumi na sita, draiva za C#, Java na Python za zamani ziliviandika kwa mpangilio tofauti wa baiti chini ya alama moja, namba 3. Kitambulisho kilichoandikwa na Java kikisomwa na C# ni kitambulisho kingine kabisa. Dawa ilikuwa kuweka alama mpya, namba 4, yenye mpangilio mmoja kwa wote. Lakini rekodi za alama ya 3 zimebaki kwenye diski za watu, na ukiiangalia rekodi yenyewe huwezi kujua iliandikwa na lugha gani.

Yetu ilikuwa zile saa tatu. Nilipoirekebisha draiva, vipimo vyote vya zamani vya majokofu vilibaki vimekosea, na vipya vikawa sahihi, ndani ya jedwali moja. Kwa programu yangu nilijua siku niliyobadilisha, nikaongeza saa tatu kwenye kila kilichotangulia. Kwa wengine sikuwa na jibu. Aliyekuwa na seva yenye saa ya dunia hakudhurika. Aliyeandika kutoka kompyuta yake ya Nairobi alidhurika. Aliyefanya yote mawili, Mungu amsaidie. Nilitengeneza kijiprogramu cha kukisia, nacho hukisia tu. Ningeweza, tangu mwanzo, kuifanya draiva iandike jina lake na toleo lake pembeni ya data. Ni baiti chache. Siku hizi draiva zote tano hujitambulisha kwa seva zinapofungua muunganisho, na seva hukumbuka. Kwa zile za nyuma haisaidii.

Kuna moja sijalisema. Mtunza draiva ya Ruby aliondoka. Kabla ya ule utaratibu wa maswali, wakati rasimu bado inanukia Java, tulipitisha kwamba kila draiva lazima ifunge miunganisho kwa mwito wa wazi. Yeye alikuwa na mtindo wa Ruby, wa mtumiaji kuweka kipande cha msimbo ndani ya uzio, kikiisha muunganisho unajifunga. Alituambia mara mbili kwamba watu wa Ruby wataona draiva yao imeandikwa na mgeni. Tukapiga kura: wanne kwa mmoja. Kura ilikuwa halali. Wiki tatu baadaye aliandika ujumbe mfupi wa adabu, akakabidhi funguo za kifurushi, akaenda. Tulipokuja kulipima kwa swali letu jipya, jibu lilikuwa wazi: data ya mtu haiharibiki kwa sababu ya uzio. Ilikuwa lafudhi. Tuliurudisha mtindo wake kama alivyouacha, nikamwandikia kumjulisha. Hakujibu, na sidhani alikuwa na deni la kujibu. Mimi ndimi ninayeitunza Ruby sasa, na Ruby yangu ni ya kuombea maji.

Mwaka huu amejitokeza kijana wa Kampala mwenye draiva ya PHP. Zamani tungeanza na barua ndefu za kuelezana. Safari hii nilimpa anwani ya mafaili ya majaribio, akaenda kimya siku nne, akarudi na orodha ya yanayopita na yasiyopita, na kuhusu machache akauliza kama jaribio lenyewe ndilo lenye kosa. Kwenye mawili ilikuwa kweli.

Mashine zetu za majaribio nazo hazikai tena kwenye saa ya dunia peke yake. Dada wa Mombasa alisisitiza tuwe na moja ya Nairobi, kwa heshima ya ule ugomvi wetu wa kwanza, kisha akasema saa kamili hazitoshi, tuongeze Kathmandu, ambako wako saa tano na dakika 45 mbele. Niliona ni mbwembwe. Tulipoiwasha, Ruby na PHP ziliangusha jaribio moja moja, la tarehe za kabla ya 1986, mwaka ambao Nepal ilisogeza saa yake kwa dakika kumi na tano. La PHP kijana amelirekebisha jioni ile ile. La Ruby liko kwangu, na jana usiku bado lilikuwa jekundu.